Chujio la bwawa la koi: kulichagua, kulifunga na kulitunza (uzi mrefu, karibuni)

MajiTulivu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila wiki maswali ni yaleyale: "maji yamekuwa ya kijani, ninunue chujio gani?", "koi wanakufa mmojammoja na maji ni maangavu, shida nini?" Majibu nayo yanakimbilia kutaja aina ya chujio. Ninafuga koi mwaka wa kumi na moja sasa, na nimewahi kuua samaki wangu kwa sababu ya kutoelewa chujio. Naomba niandike kwa kirefu, mwenye nyongeza aongeze.

Mwaka wangu wa pili nilifungua chujio nikakuta ile mikeka ya ndani imekuwa ya kahawia, inateleza mkononi kama bamia. Nikaona huu ni uzembe. Nikatoa kila kitu, nikachukua mpira wa maji ya bomba, nikasugua mpaka mikeka ikarudi rangi yake ya siku ya kununua. Siku ya tatu samaki wakapunguza kula. Wiki ya pili nikawakuta asubuhi wamejipanga pale maji yanapoporomokea, midomo juu, matamvua yanapiga haraka haraka. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu kokoto za chini. Nilipoteza watano. Mmoja nilimlea tangu akiwa na urefu wa kidole. Nilipomfunua tamvua, ndani palikuwa na rangi ya kahawia badala ya wekundu.

Ule utelezi nilioufuta ndio uliokuwa chujio lenyewe. Mikeka ni nyumba tu, wenyeji wake, yaani bakteria, nilikuwa nimewaua kwa klorini ya maji ya bomba.

Koi hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, hula kidogo kidogo kutwa nzima. Sehemu kubwa ya taka yake ya protini hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, haionekani, haichoteki kwa wavu. Hata ukiondoa kinyesi chote kwa mkono, amonia bado inaingia majini. Kwenye chujio wanaishi bakteria wa aina mbili: wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, wa pili wanageuza nitriti kuwa nitrati. Amonia inaunguza matamvua. Nitriti inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, na damu inageuka kahawia. Ndicho nilichokiona siku ile. Nitrati ndiyo nafuu kati ya hizo tatu, na unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Kwa hiyo chujio lina kazi mbili: kukamata uchafu mgumu, na kuwapa bakteria makazi yenye oksijeni. Mpangilio ni huohuo siku zote, uchafu ukamatwe kwanza. Kinyesi kikifika kwenye makazi ya bakteria kinayafunika, kinaoza hapohapo na kula oksijeni yao. Ukiona chujio lenye chumba kimoja ambamo sponji inafanya kazi zote mbili, ujue kila utakaposafisha uchafu utakuwa unaosha na bakteria.

Sasa kuchagua.

Anza na ujazo wa bwawa. Urefu mara upana mara kina kwa mita, zidisha kwa 1,000 upate lita. Bwawa la mita 4 kwa 2, kina mita 1.25, ni lita 10,000. Kwa koi maji yote yapite kwenye chujio mara moja kila saa moja hadi mbili, yaani hapo pampu itoe kati ya lita 5,000 na 10,000 kwa saa. Ile namba kwenye boksi la pampu ni ya maji yasiyopandishwa popote. Ukipandisha mita moja na nusu, ukaweka kona tatu na bomba jembamba, inashuka sana. Mimi napima kwa ndoo pale maji yanaporudi bwawani: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 12, pampu inatoa lita 6,000 kwa saa. Pima hivyo siku ya kufunga, andika, halafu pima tena kila mwezi. Sekunde zikiongezeka kuna mahali pameziba.

Ila ujazo peke yake haukuambii ukubwa wa chujio. Kinachoamua ni chakula unachotia kwa siku, kwa sababu amonia inatoka kwenye chakula. Mabwawa mawili ya lita 10,000, moja lina koi wanne wa sentimita 20, jingine lina kumi na wawili wa sentimita 60: ukiyafungia chujio la ukubwa uleule, lile la pili litakusumbua. Lebo nyingi zinazosema "linafaa bwawa la lita 10,000" zinamaanisha bwawa la maua na samaki wachache wadogo. Kama hakuna namba ya koi peke yake, mimi naichukua ile ya lebo kama robo tu. Na ununue kwa kufikiria samaki watakavyokuwa baada ya miaka mitano, maana koi aliyetunzwa vizuri hupita nusu mita.

Swali la pili kabla ya aina yoyote: je, utalisafisha? Chujio linalohitaji kupinda mgongo, kufungua nati nane na kubeba sponji zenye maji kilo kumi utaliahirisha. Wiki moja, mbili, mwezi. Chagua lenye valvu ya chini unayofungua na uchafu ukatoka wenyewe. Kwangu hilo ni kubwa kuliko jina lililoandikwa ubavuni.

Kuhusu namna ya kuunganisha, njia ni mbili. Ya kwanza, pampu inakaa bwawani na kusukuma maji machafu hadi kwenye chujio. Ni rahisi kufunga ila pampu inasaga kinyesi kuwa unga, na unga ni mgumu kukamata. Ya pili, unatoboa sakafu ya bwawa katikati, unaweka bomba la milimita 110, maji yanatiririka yenyewe hadi kwenye chujio lililo usawa mmoja na bwawa, halafu pampu inakaa mwisho na kurudisha maji safi. Hapo kinyesi kinafika kizima. Kama bado hujachimba, nakusihi uchague ya pili. Bwawa likishajengwa kutoboa sakafu ni kazi ya machozi.

Aina za kukamata uchafu: tangi la kutuliza, ambamo maji yanazunguka taratibu na uchafu unazama, brashi zilizopangwa kwa safu, chekeche la wavu wa chuma lenye matundu madogo sana, na pipa linalozunguka, lenye wavu mwembamba unaojiosha wenyewe likianza kuziba. Hilo la mwisho ni zuri mno, lakini lina mota, vihisio na vinyunyizio, vyote vinahitaji uangalizi. Bakteria nao wanakaa kwenye mikeka migumu, kwenye vipande vya plastiki vinavyochezeshwa na hewa, au kwenye trei ambazo maji yanadondokea kama mvua. Zile trei nazipenda, kwa kuwa bakteria wanapata hewa tele, ingawa zinadai pampu yenye nguvu ya kupandisha maji na zinayapoza maji wakati wa baridi.

Chujio la mchanga la bwawa la kuogelea msiliweke. Kinyesi cha koi kinaushikamanisha mchanga kuwa mabonge, maji yanatafuta njia moja ya kupita na sehemu nyingine yote inaoza.

---

mpenda_mapezi

Mkuu ubarikiwe, nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mgeni kabisa. Bwawa langu ni lita 6,000, chujio jipya lina wiki mbili, koi saba wadogo. Maji yana ukungu mweupe na kipimo cha matone kinaonyesha amonia. Muuzaji ameniambia niongeze taa ya UV. Nifanyeje?

---

MajiTulivu

Karibu sana ndugu yangu. Taa ya UV haiondoi amonia. Inaua mwani unaoelea, ule unaoyafanya maji yawe kama supu ya mchicha. Mwani wa nyuzi unaoshika kuta haiugusi, kwa sababu mwani huo haupiti ndani ya taa. Ukiwa na tatizo la kijani itakufaa, na ukumbuke bado inawaka kwa macho hata nguvu yake ikiwa imeisha. Balbu nyingi unabadilisha baada ya miezi 9 hadi 12 ya kuwaka mfululizo. Kile kioo kinachoifunika nacho kifute ukungu wa chokaa. Usiichungulie ikiwa inawaka, inaumiza macho.

Shida yako ni kwamba chujio bado ni tupu. Bakteria wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga, na maji yakiwa ya baridi ni zaidi. Huwezi kuwalazimisha, unaweza tu kuwalinda samaki wakati unasubiri:

Punguza chakula sana. Kipimo kikipanda acha kabisa siku mbili tatu, koi hawatakufa njaa. Pima amonia na nitriti kila siku na uandike. Badilisha maji sehemu ndogo mara kwa mara, ukiyaondolea klorini kwanza. Weka hewa usiku na mchana. Kama una rafiki mwenye bwawa lenye afya la muda mrefu, muombe kipande cha mkeka wake ukiweke kwenye chujio lako, hiyo ndiyo mbegu bora. Ila bwawa hilo liwe salama kweli, maana magonjwa nayo husafiri humohumo.

Jambo moja wengi hawaliangalii: sumu ya amonia inategemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (chini ya 7 ni asidi). Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote uliyoipima. Kwenye pH 8 ni asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Na pH ya bwawa lenye mwani hupanda jioni, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kinaweza kukudanganya. Pima alasiri pia.

Amonia itashuka, halafu nitriti itapanda. Usishtuke, ndiyo hatua yake. Hapo weka chumvi ya kawaida isiyo na viongezo, kilo 1 kwa kila lita 1,000, uyeyushe kwanza kwenye ndoo na uimwage kidogo kidogo kwa siku mbili tatu. Inazuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Kama ndani ya chujio kuna mawe ya zeolaiti yatoe kabla ya chumvi, la sivyo yatarudisha majini amonia yote yaliyoishika.

---

Nahodha77

Mzee, huku kwangu umeme unakatika, saa nyingine usiku kucha. Chujio langu ni lile la kufungwa kabisa, la presha. Nifanye nini umeme ukirudi? Na je, kuosha kwa maji ya kisima kuna tatizo? Hayana klorini.

---

fundi_pampu

Naomba nimjibu Nahodha, hili ni eneo langu.

Kaka, chujio lililofungwa maji yakisimama bakteria wanaendelea kupumua. Baada ya saa chache oksijeni iliyomo imekwisha, wanaanza kufa na uchafu uliokamatwa unaoza. Nimefungua chujio baada ya usiku mzima wa giza, ile harufu ya yai viza ilinitoka puani kesho yake. Umeme ukirudi pampu inasukuma maji hayo yote bwawani kwa mpigo mmoja. Watu wengi husema "umeme umeua samaki", kumbe samaki walikuwa hai mpaka umeme uliporudi.

Kwa hiyo: ukikaa gizani zaidi ya saa mbili tatu, pampu isijiwashe yenyewe. Geuza valvu maji ya kwanza yaende nje, yamwagike mpaka yawe safi na harufu iishe, ndipo uyaelekeze bwawani. Halafu siku chache zinazofuata lisha kidogo na upime, kana kwamba chujio ni jipya.

Kilicho bora zaidi ni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na pampu ya maji. Jiwe moja la hewa bwawani kwa ajili ya samaki, jingine kwenye chumba cha bakteria kama chujio lako lina vyumba vya wazi. Hilo la presha huwezi kulitia hewa kwa njia rahisi, na ndiyo sababu mimi simshauri mtu wa umeme wa kukatika alinunue.

Kuhusu kisima, klorini haipo ni kweli, lakini maji ya kisima mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha na joto lake ni tofauti na la bwawa. Chota maji ya bwawa lako kwenye beseni, suuza humo, mwaga beseni kwenye bustani. Huhitaji zaidi ya hapo.

---

BintiBwawa

Asante mleta uzi. Nina nyongeza moja ambayo iliniponza mwaka jana, na sijaona mtu ameigusa.

Mimi nina chujio la pipa linalozunguka, na chumba kikubwa cha vipande vya plastiki. Maji kioo. Amonia sifuri, nitriti sifuri, kwa miezi. Nikaacha kupima. Halafu asubuhi moja samaki wote wamelala chini, mapezi wameyabana. Nikapima pH: chini ya 6. Wiki chache nyuma ilikuwa 7.6.

Bakteria wa chujio wanatengeneza asidi wakifanya kazi yao. Kinachoimeza ile asidi ni kaboneti iliyo kwenye maji, na ina mwisho. Kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula gramu 4.5 hivi za oksijeni na gramu 7 hivi za kaboneti ukihesabu kama kalsiamu kaboneti. Mimi nalisha gramu 100 kwa siku, chakula cha protini asilimia 40. Hapo inatoka naitrojeni ya amonia kama gramu 3 na nusu, kwa hiyo kaboneti gramu 25 zinaondoka kila siku. Kwenye lita 10,000 ni miligramu 2.5 kwa lita. Unaona ndogo, lakini kwa mwezi ni 75, na maji yangu ya bomba yanakuja na 60 tu. Nilikuwa sibadilishi maji kwa kuwa yalionekana safi. Chujio zuri kabisa, lenye nguvu, ndilo lililomaliza kaboneti haraka.

Siku hizi napima kaboneti kila Jumamosi na kuhakikisha haishuki chini ya miligramu 100 kwa lita. Ikishuka naongeza bekingi soda ya jikoni (bekingi pauda hapana, ina vitu vingine). Gramu 17 kwa lita 1,000 zinapandisha miligramu 10 hivi. Gawanya kwa siku kadhaa, usimwage yote leo. Na kama pH imeshaanguka na kuna amonia ndani, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu ukiipandisha ghafla unaiamsha sumu aliyoieleza MajiTulivu hapo juu.

---

MajiTulivu

Dada BintiBwawa, nakushukuru kwa dhati. Nilikuwa nimepanga kuligusa kwa sentensi mbili, wewe umelieleza kwa hesabu. Mkitoka na kitu kimoja kwenye uzi huu kiwe kununua vile vipimo vinne vya matone: amonia, nitriti, pH na kaboneti.

Utunzaji wangu sasa hivi uko hivi. Kila asubuhi, kabla ya kulisha, nasimama dakika tano. Naangalia maji yanavyorudi kutoka kwenye chujio: mkondo umenenepa au umekonda? Naweka kiganja kwenye pampu ya hewa nisikie mtetemo. Naangalia samaki wanavyokuja. Wakichelewa kuja, sina haja ya kulisha, nachukua vipimo.

Valvu ya tangi la kutuliza naifungua mara mbili kwa wiki, joto likizidi kila siku. Naifungua yote kwa ghafla, kwa sababu ukiifungua kidogo kidogo maji yanatoka na uchafu unabaki. Maji yakigeuka kutoka rangi ya chai kuwa meupe nafunga. Maji yanayotoka hapo ndiyo yanahesabika kwenye asilimia 10 ninayobadilisha kila wiki, sipotezi mara mbili. Brashi natikisa kwenye beseni la maji ya bwawa kila wiki mbili.

Mikeka ya bakteria naigusa mara mbili au tatu kwa mwaka. Ninayo minane. Nasuuza miwili tu, naikung'uta mara tatu kwenye maji ya bwawa, narudisha ikiwa bado ya kahawia, halafu nasubiri wiki mbili au tatu ndipo nishike miwili mingine. Sisuuzi siku ninapotia dawa, wala wiki ninayoongeza samaki, wala maji yakiwa ya baridi sana. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 bakteria wanafanya kazi kwa shida, na samaki nao sipaswi kuwalisha.

Kwenye maji mapya, wenye klorini ya kawaida wanaweza kuyaacha kwenye tangi lenye hewa siku moja mbili. Wenye kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoshi, haipeperuki hivyo. Mtahitaji sodiamu thaiosalfeti, dawa ya kuondoa klorini, na mjue kloramini ikivunjwa inaacha amonia kidogo ambayo chujio lililokomaa litaimaliza lenyewe.

---

mpenda_mapezi

Wakuu, nimerudi, ni wiki ya sita sasa. Nilipunguza chakula, nikaweka hewa, nikapewa kipande cha mkeka na jirani. Amonia ilifika 2 ikashuka wiki ya tatu. Nitriti ikapanda kama mlivyosema, nikaweka chumvi kilo 6 kwa siku tatu. Kuna siku mbili walikuwa wanahema juu juu nikabadilisha maji asubuhi na jioni. Jana na leo nitriti sifuri. Kaboneti 120. Wote saba wapo. Mikeka imeanza kuwa ya kahawia, nimeigusa kwa kidole, inateleza.

Naweza kuongeza samaki wawili?

---

MajiTulivu

Nimefurahi mno kusoma hili, ndugu yangu. Hongera.

Samaki wawili subiri. Bakteria ulionao sasa wanatosha chakula kidogo unachotia sasa, hawajawahi kuona zaidi. Rudisha kwanza chakula cha hao saba kidogo kidogo kwa wiki mbili, ukipima kila siku ya tatu. Nitriti ikionekana tena, rudi hatua moja nyuma na usubiri. Ile chumvi itatoka yenyewe kwa maji unayobadilisha kila wiki, hayo mapya usiyatie chumvi. Wapya wakija wakae kwenye tangi la pembeni wiki tatu au nne, na tangi hilo litahitaji chujio lake dogo. Chukua sponji moja leo uitumbukize ndani ya chujio kubwa, ili siku hiyo ikifika iwe imeshashika rangi.